Ukwato wa Kushoto

Ko, ko, ko, ka. Ko, ko, ko, ka.

Mlio ulikuja kutoka upande wa baharini, nyuma ya ua wa michongoma, kabla hatujaona mnyama wala mtu. Mimi nilikuwa naanika nguo kwenye kamba iliyounganisha nyumba zetu mbili za Raskazone. Daktari alikuwa amekaa kizingitini pake akichambua mchicha. Hakuinua uso.

"Mguu wa mbele, kulia," alisema. "Na aliyempanda ni mnene."

Farasi akatokeza konani. Juu yake kulikuwa na kijana mnene kweli, amevaa joho la kuazima, anafanya mazoezi ya kwenda kuoa. Siku hizi hapa Tanga bwana harusi anayejiona hupelekwa ukumbini juu ya farasi, tarumbeta zikitangulia. Daktari aliweka ungo chini, akatoka vilevile na kanga yake ya jikoni, akasimama katikati ya lami.

"Shuka."

"Mama, Jumamosi naoa."

"Utaoa. Nenda kwa miguu yako, yote miwili mizima. Huyu anayo mitatu."

Vijana wa bodaboda walicheka mpaka bwana harusi mwenyewe akacheka, akashuka. Daktari hakucheka. Alikuwa ameshainama, ameukamata ukwato wa yule mnyama kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa, na uso wake, ambao kwa watu ulikuwa mkavu kama kuni, ulikuwa umelainika.

Jina lake walilijua wachache na hawakulitumia. Alikuwa Daktari tu: daktari wa mifugo aliyestaafu serikalini na kukataa kustaafu kwa wanyama. Farasi wa Tanga ni wachache, karibu wote wa tajiri mmoja anayewakodisha kwa harusi na kwa watoto wanaotaka kuzungushwa ufukweni. Waliobaki ni punda, na punda ndio waliojaza siku zake: wa maji, wa mchanga, wa machungwa ya Muheza. Kwake mnyama yeyote anayechechemea alikuwa miguu minne na kichwa kimoja kinachoitolea ushahidi.

"Usitazame mguu," alinifundisha. "Mguu unaficha. Tazama kichwa. Akikanyaga mguu unaouma, kichwa kinapanda, anajinyanyua asiulemee. Akikanyaga mzima, kinashuka. Kichwa hakijui kusema uongo."

Nilidhani mtu mwenye sikio kama lake angelitumia hilo mpaka kufa. Sivyo. Alilidharau. "Nikisikia mimi, nimesikia mimi peke yangu," alisema. "Mwenye punda ataniambia nimeota. Video tunaitazama wote." Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, na yangu ilikuwa mpya, kwa hiyo nikawa mpiga video wake. Nilikuwa ndiyo kwanza naandika hadithi zangu za mwanzo, na nilijidanganya kwamba naenda naye kutafuta visa. Kwa kweli nilimpenda. Nililipenda lile jicho lake lisilobembelezeka.

Sheria zake za kupiga video zilikuwa kali kuliko za msikiti na kanisa. Mnyama apite mahali pagumu na tambarare, si mchangani. Aende kwa mwendo wa kawaida, kisha mchakamchaka, akija na akirudi, kisha ubavuni. Simu iwe usawa wa kifua chake. Kamba ilegee. "Ukiibana kamba unanificha kichwa," alimfokea mtu mmoja pale Tongoni, "na kichwa ndicho ninachokifuata huku kote."

Yule wa Tongoni alikuwa mzee mcheshi, mwenye punda wa kubebea mawe. Alimkaribisha Daktari kwa shikamoo ya utani, ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri.

"Daktari, huyu anachechemea au anaringa?"

"Anaringa kwa mguu mmoja?"

"Ah, na mke wangu hivyohivyo, akiniona tu kiuno kinamuuma."

"Basi mlete naye tumpige video."

Watu walikufa kwa kicheko. Kisha Daktari alimkalisha yule mzee chini ya paa la makuti, akampunguzia video mwendo mpaka punda akawa anaelea kama aliye majini, na kila mguu wa nyuma wa kushoto ulipogusa ardhi, kiuno chote upande ule kilinyanyuka. Alimrudishia mara nyingi. Kicheko kikamwisha yule mzee kidogo kidogo, akajifuta uso kwa kofia yake, akasema, "Basi, Daktari, basi. Nimeona. Simpakii tena." Nilimwona Daktari akifurahi siku ile kwa namna ya kutisha kidogo: furaha ya mtu aliyemshinda mwenzake kwa haki.

Halafu kulikuwa na sheria moja ambayo wengine waliicheka: video zote alizitazama bila sauti. Kabla ya kubonyeza, aliizima sauti kwanza. Ilitokana na tajiri mmoja wa machungwa kule Muheza, zamani, aliyemsimulia kwa ufundi jinsi punda wake alivyoteleza mtaroni na kuumia bega. Daktari alimtibu bega wiki kwa wiki, kumbe msumari ulikuwa ukwatoni. Tangu hapo aliapa. "Kila mwenye mnyama ana hadithi," alisema, "na hadithi ikiingia sikioni, jicho linaanza kuitafutia ushahidi." Akanitazama aliposema neno hadithi, makusudi, na mimi nikacheka.

Hakuwa mtu rahisi kumweka kwenye kapu moja. Alikuwa Mlutheri wa milimani aliyekuwa akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini akimchoma punda sindano, na Ramadhani asingekunywa hata maji mbele ya jirani. "Tumbo langu halikufunga," alisema, "lakini mdomo wangu una adabu." Magharibi ilipokaribia alinituma na bakuli la mihogo ya nazi nyumba hii na ile. Lakini huyohuyo aliweza kumwambia mjane, mbele ya wanawe, kwamba punda wake amekufa kwa uvivu wa mjane huyo. Mbuzi aliwaomba radhi akiwafunga kamba. Watu sikuwahi kumsikia akiwaomba radhi.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akimwambia "nadhani", alimkata: "Usidhani, piga video." Na mtu akimtetea mnyama wake kwa mapenzi, akisema nimemlea mwenyewe, namjua, alimjibu: "Una macho ya huruma. Macho ya huruma hayaoni." Neno hili nililiandika ukutani kwangu kwa kalamu, nikaona ndiyo busara ya kuishi nayo. Leo nimelipaka chokaa.

Sasa niseme habari za Saidi.

Saidi alikuwa mtunza farasi wa yule tajiri wa harusi. Mtu mzima, mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kuongea na farasi akiwa anawageuzia mgongo, kama watu waliozoeana wanavyoongea. Mimi nilimwita Mjomba. Kati ya farasi wote alimpenda mmoja, jike la kijivu, Asumini, yule aliyempakia bwana harusi mnene. Alikuwa amekwisha pona mguu ule. Daktari mwenyewe alimheshimu Saidi kwa kiasi alichoweza kumheshimu mtu: alimwamini kupiga video. "Huyu anajua kulegeza kamba," aliniambia.

Siku hiyo Daktari alikuwa Muheza kwenye punda wa machungwa. Tajiri alikuwa Dar es Salaam. Mfanyakazi mwingine wa bandani alikuwa ameondoka na farasi wawili kwenda harusini. Saidi alibaki peke yake, na Asumini akaanza kuchechemea. Alimpigia Daktari, na Daktari akamjibu kama alivyomjibu kila mtu: asimweleze kitu, atume video.

Mtu aliye peke yake atamkimbiza vipi farasi huku amemshika kamba, na wakati huohuo ampige video? Saidi aliegemeza simu kwenye ndoo iliyofunikwa kifudifudi, kioo kikimtazama yeye, ili ajione, ajue kama miguu yote imeingia. Alitumia kamera ya upande wa uso, ile tunayojipigia picha wenyewe. Na simu yake ilikuwa ya aina ile inayohifadhi kama kioo kinavyoonyesha: kulia kunakuwa kushoto, na kushoto kunakuwa kulia. Kila msichana anayejipiga picha na fulana yenye maandishi anajua jambo hili. Saidi hakuwa na mazoea ya kujipiga picha. Daktari naye alizijua sheria zake zote, lakini hii haikuwamo, kwa kuwa siku zote alikuwepo mtu wa pili wa kushika simu.

Akajibu kutoka Muheza: ukwato wa mbele, kushoto, kuna jipu ndani, aitwe fundi wa kwato aufungue.

Saidi akampigia tena. Nilikuwepo bandani, nilikuwa nimepita kumpelekea mihogo. Aliweka simu wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Daktari, samahani, ni wa kulia."

"Nimeutazama, Saidi. Nimeupunguza mwendo. Kichwa kinapanda akikanyaga kushoto."

"Mimi niko naye hapa, Daktari. Hata ukiugusa wa kulia, una moto."

"Una macho ya huruma, Saidi, na sasa mikono nayo imekuwa ya huruma. Mwite fundi."

Fundi alikuja. Alichonga ukwato wa kushoto, hakuona kitu. Akasita. Akampigia Daktari. Daktari akasema jipu liko ndani, achonge zaidi. Akachonga zaidi, mpaka damu. Saidi alikuwa ameshika kichwa cha Asumini, amemfunika macho kwa kanzu yake, na alikuwa anaongea naye. Sikuyasikia maneno.

Farasi mwenye mguu mmoja mbaya wa mbele huulemea mwingine. Asumini hakuwa tena na wa kuulemea. Alisimama kwa shida, kisha akalala, na farasi mzito akilala hivyo na asiweze kuinuka, kila kitu kinaanza kumharibikia. Daktari aliporudi alikwenda moja kwa moja bandani na mkoba wake. Alipiga magoti, akashika ukwato wa kushoto, akashika wa kulia, na akaacha mkono wake pale kwenye wa kulia muda mrefu. Kisha akatoa simu. Ukuta wa banda lile una maandishi makubwa mekundu: USIVUTE SIGARA HAPA. Nilimwona akitazama simu, akitazama ukuta, akitazama simu tena. Kwenye video maneno yale yalikuwa yanasomeka kinyumenyume, nyuma ya mgongo wa Saidi, na yalikuwa hapo tangu mwanzo.

Alimchoma Asumini sindano ya mwisho mwenyewe, polepole, akiimba.

Tajiri alifika kutoka safarini akiwa bado na vumbi la njiani, na hasira yake ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia.

"Nani kakosea?" aliuliza. "Niambieni, nani kakosea hapa?"

Daktari alikuwa ananawa mikono. "Video ilipigwa kinyume," alisema.

Basi. Maneno matatu, na hakuna hata moja lililokuwa uongo. Tajiri akageuka kumtazama Saidi, sisi wote tukamtazama Saidi, na Daktari akaendelea kunawa mikono iliyokwisha takata.

"Nilisema," Saidi alisema. "Nilisema mimi. Hata kwenye video nilisema."

"Ulifundishwa kupiga, ukapiga ovyo," tajiri akamkata. "Chukua vitu vyako."

Baadaye niliomba video ile kutoka kwa Saidi, nikaisikiliza. Mwanzoni kabisa, kabla hajamkimbiza farasi, anainama karibu na simu, uso wake umejaa kiooni, na anasema kwa adabu, kama aliye mbele ya mwalimu: "Daktari, shikamoo. Ni mguu wa kulia, wa mbele. Natanguliza samahani, niko peke yangu." Nilikwenda nayo kwa Daktari. Nikamwambia asikilize.

"Mimi sisikilizi sauti. Unajua."

"Daktari, alikwambia ni wa kulia. Na kwenye simu akakwambia."

"Video ilikuwa kinyume," alisema, akaniuliza kama nitakula.

Kwa muda niliamini kwamba alikuwa anatafuta tu njia yake ya kulisema. Niliona ishara, au nilijitengenezea. Mbuzi wa Saidi alipougua, Daktari alikwenda bila kuitwa, akamtibu, akaondoka Saidi akiwa hayupo. Kila Ramadhani bakuli la kwanza la mihogo lilikwenda nyumbani kwake. Lakini Saidi hakupata kazi tena ya mnyama yeyote. Alibeba zege. Alilinda geti la watu. Kila alipokwenda palipokuwa na farasi au hata punda wengi, walimwuliza: si wewe uliyemuua yule wa kijivu? Na Daktari, alipoitwa kuwafundisha vijana wa mifugo namna ya kutumia video, aliionyesha ileile ya Asumini, bila sauti, na kuwaambia: "Hili ni kosa la mpigaji. Lichungeni." Nilikuwepo siku moja. Vijana waliandika.

Nikaacha kumpigia video. Hakuniuliza kwa nini. Alipata simu mpya, na mtu mwingine wa kuishika.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake na Saidi. Ilikuwa asubuhi, mwaka jana. Daktari alikuwa anahama kwenda kwa binti yake milimani, vyombo viko kwenye maboksi, na tulikaa juu ya magodoro yaliyokunjwa. Barabara ya Pangani kulikuwa kumefunguliwa banda jipya la farasi, na mwenye banda alimtaka Saidi, lakini alikuwa ameisikia ile habari. Alitaka daktari atoe neno. Mwenye banda alikuwa mbali, na alisema, kama wanavyosema wote siku hizi, nitumieni video.

"Shikamoo, Daktari," Saidi alisema.

"Marahaba. Umekonda."

"Zege, Daktari."

Nikaeleza tulichokijia. Alisikiliza, kisha akaenda kubadili kanga, akarudi, akachagua pa kukaa ambapo mwanga wa dirisha unamwangukia vizuri. Nikawasha simu. Alikohoa.

"Mimi ni daktari wa mifugo mstaafu," alisema. "Katika tukio lile kulitokea mkanganyiko wa kiufundi, uliosababisha ukwato usiohusika kufunguliwa."

Nikangoja. Saidi akauliza taratibu, "Daktari, huyo Mkanganyiko ni nani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Video ilikuwa kinyume, Saidi. Huo si uongo."

"Si uongo."

"Haya. Rudia upya, binti." Akajiweka sawa. "Saidi namfahamu. Ni mwaminifu, ni mpole, ana mkono mzuri na wanyama kuliko vijana wote niliowafundisha..."

"Sikuja kusifiwa, Daktari," Saidi akasema. "Sema tu nani aliamuru wa kushoto."

Daktari alinitazama mimi, si yeye. "Zima kwanza."

Nikazima. Nikaigeuza simu kifudifudi gotini ili aone kwamba nimezima. Nje, mtu alikuwa anapita akiuza kashata. Daktari akamgeukia Saidi, na sauti yake ikawa ya chini, ile aliyoimbia punda.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Uliniambia, nikakataa. Fundi alisita, nikamlazimisha. Nilipofika nikaona maandishi ukutani, nikajua palepale. Nilikuwa mimi."

Nikasema, "Daktari, basi sema hivyohivyo. Nawasha."

"Hapana."

"Umeshalisema!"

"Nimemwambia anayestahili kuambiwa." Sauti yake ilikuwa imerudi, ile kavu. "Wewe unajua video inakwenda wapi ikitoka mkononi? Kesho itakuwa Tongoni, keshokutwa Muheza. Kila mtu niliyemkataza kumpakia punda wake atasema, mbona Daktari naye hukosea? Na atampakia. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote ili wanyamaze na kutazama. Nikisema pale, nimewarudishia midomo."

Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma mpaka leo: kwamba ilikuwa kweli, tena kweli ya mtu anayewapenda punda wa watu wasiojua hata kusoma. Na pembeni yake alikaa mtu mzima mwenye viganja vilivyopasuka kwa saruji.

"Na mimi?" Saidi aliuliza.

Daktari alitazama maboksi yake. Alinyoosha pindo la kanga juu ya goti, akalinyoosha tena. Tulingoja. Alikuwa hodari wa kungoja kuliko sisi.

Saidi akainuka. Alitafuta ndala zake, akazivaa, akasimama wima mbele yake kama mtu anayeaga msibani.

"Nashukuru, Daktari," alisema. "Umemwambia mtu pekee aliyekuwa anajua."

Akatoka. Mlango wa nyumba ile ulikuwa mzito na ulikwaruza sakafu, na sisi wote tulizoea kuubamiza. Yeye aliunyanyua kidogo kwa kitasa, akauleta taratibu, akaufunga bila sauti, kama afungavyo mtu aliyeacha mgonjwa ndani.